Si rangi zilizoiua Braniff

Mwaka 1965 wahudumu wa ndege wa shirika la Braniff walipewa kofia ya plastiki inayopitisha mwanga, mviringo kama bakuli lililofunikwa kichwani, ili mvua isiwaharibie nywele wakitembea uwanjani kuelekea kwenye ndege. Aliibuni Emilio Pucci, mbunifu wa mitindo kutoka Italia. Mara ya kwanza kuiona picha ya kofia hiyo, biashara yangu ya upishi ilikuwa imekufa mwezi huohuo. Nilicheka, nikasema moyoni: watu wa mbwembwe namna hii wangekosaje kufilisika?

Naishi Irving, Texas, ndege za kiwanja cha DFW (Dallas/Fort Worth) zinapita juu ya paa langu. Braniff ilikuwa ya huku. Ndugu wawili, Thomas na Paul Braniff, waliianzisha Oklahoma mwaka 1928, baadaye makao yakahamia Dallas. Kwa miaka mingi ilikuwa kampuni ya kawaida tu, mpaka 1965 alipokuja bosi mpya, Harding Lawrence. Akamwita Mary Wells, mama wa matangazo kutoka New York, naye akamleta Pucci kwa mavazi na Alexander Girard kwa ndege zenyewe. Ndege moja ikapakwa rangi ya chungwa mwili mzima, nyingine manjano, nyingine buluu. Mwaka 1973 wakampa msanii Alexander Calder ndege nzima aina ya DC-8 aichore anavyotaka. Ubavuni hawakuandika jina la kampuni. Waliweka saini ya Calder. (Mary Wells na Lawrence walikuja kuoana mwaka 1967, ila hayo ni ya kwao.)

Wengi wakiisimulia habari hii hutaja rangi, kisha wanarukia kufilisika, kana kwamba moja limezaa jingine. Mimi nakataa. Ndege lazima ipakwe rangi, hata nyeupe inanunuliwa. Abiria walizipenda, na miaka iliyofuata shirika lilikua na kupata faida.

Kilichoiua ni mlango uliofunguka. Hadi 1978 serikali ya Marekani ndiyo iliyoamua shirika gani liruke wapi na kwa nauli gani. Oktoba mwaka huo Rais Carter alitia saini sheria ya kulegeza masharti hayo. Mashirika mengine yakachukua njia mpya kidogo kidogo. Lawrence akataka awahi kabla mlango haujafungwa tena: tarehe 15 Desemba 1978 Braniff ilianza safari za miji mipya 16 kwa siku moja. Mwaka uliofuata ikaongeza Ulaya na Asia, hadi Hong Kong na Singapore. Ikaingia pia kwenye mpango wa Concorde kati ya Dallas na Washington, ndege ya abiria iliyoweza kuruka kwa kasi kuliko sauti lakini juu ya nchi kavu haikuruhusiwa kufanya hivyo, na mara nyingi viti vilikuwa vitupu. Mwaka huohuo wa 1979 mafuta yakapanda kwa sababu ya mapinduzi ya Iran, riba za mikopo nazo zikapaa, na American Airlines ikahamishia makao yake makuu hapahapa jirani. Lawrence aliondoka, Howard Putnam akaletwa mwaka 1981 kuokoa jahazi. Tarehe 12 Mei 1982 shirika likasimamisha safari, ndege zikaitwa nyumbani, zikaegeshwa DFW na rangi zake zote.

Sasa yangu. Nilikuwa napikia harusi na misiba ya Watanzania na Wakenya wa huku: pilau, kuku wa kupaka, sambusa. Nilikuwa nimewashonea wasaidizi wangu aproni za kanga, na watu walizisifu kuliko hata pilau. Mwezi mmoja kumbi mbili zikanitaka niwe mpishi wao, na jiko la mgahawa mtaa wa pili likawa linapangishwa. Nilichukua vyote, na gari la mkopo juu yake, kwa hofu kwamba nikichelewa mwingine atawahi. Baada ya miezi 14 nilirudisha funguo. Mume wangu akasema ni zile kanga, na mimi nikamwamini.

Ndiyo maana nakushauri usiamini haraka anayekuonyesha kilichokuua. Chukua daftari, andika gharama zilizokuja hata siku ambayo hukuwasha jiko. Kwangu zilitoka pango mbili, rejesho la gari na mshahara wa mpishi wa pili. Kanga zote kwa pamoja hazikufika pango la wiki moja. Na kumbi zikikuita mbili, chukua moja, uipikie miezi sita, uone inalipa kwa wakati au inalipa kwa ahadi. Ile nyingine ikienda kwa mtu mwingine, iende. Mimi sikuionja kila sufuria tena baada ya kujitanua, na wateja walijua kabla yangu.

Nimeanza upya, jiko moja, gari la kukodi siku ya shughuli. Aproni za kanga zimerudi. Jumamosi iliyopita wasaidizi walipungua, mume wangu akabeba masufuria ya pilau hadi ukumbini, kavaa ya kisutu, na alipopigwa picha hakuivua.