Nimekwama herufi C: maswali yenu kuhusu maneno ya Kiingereza ya kila siku

Mwalimu, nilinunua kamusi nikaanza kukariri kuanzia A. Nimekwama C, na bado siwezi kumwelekeza mgeni njia ya stendi. Mtu anahitaji maneno mangapi hasa? (Kijana wa Mwanza)

Kamusi iache mezani, iwe ya kuulizia. Imepangwa kwa herufi, haikupangwa kwa shida zako. Ukiikariri kwa mpangilio wake utajua "abbot", mkuu wa nyumba ya watawa, kabla hujajua "turn left".

Walioshughulikia jambo hili walihesabu ni maneno gani yanajirudia. Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 yenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi. Mwaka 2013 ikatoka orodha mpya ya aina hiyo yenye maneno kama 2,800, na hayo peke yake yanafunika takriban asilimia 92 ya maandishi ya kawaida. Ila usichekelee mapema: asilimia 92 maana yake ni kwamba katika kila maneno 12 au 13, moja bado litakuwa geni kwako, na mara nyingi hilo ndilo lililobeba habari yenyewe.

Maneno matano au sita kwa siku yatakufikisha kwenye hizo 2,000 kwa muda wa mwaka hivi. Anza na vitenzi. Nomino unaweza kuionyesha kwa kidole ukaeleweka, lakini jaribu kuonyesha kwa kidole "nimesahau" au "nitarudi". Tena huanzi na mikono mitupu. Breki, gia, spana, pancha, sketi, taulo, friji: hayo yote tuliyachukua kwa Waingereza, kazi iliyobaki ni kuyarudisha kwenye matamshi yao.

Mwanangu amefaulu darasa la saba na anaingia kidato cha kwanza. Miaka yote amesoma kwa Kiswahili, sasa karibu masomo yote yatakuwa kwa Kiingereza. Nimnunulie kitabu gani? (Mama wa Dodoma)

Hongera, mama. Kabla ya kitabu, tafuta mitihani ya zamani ya kidato cha kwanza na cha pili. Kwa mwenye steshenari ni bei ya kutoa nakala tu.

Watu wengi hudhani kinachomwangusha mtoto ni maneno makubwa ya sayansi. Hapana. "Photosynthesis" ni geni kwa darasa zima, kwa hiyo mwalimu ataliandika ubaoni, atalieleza, atachora na mchoro. Yanayowaangusha ni maneno ambayo hakuna anayesimama kuyaeleza: "state", "outline", "unless", "whereas", "with the aid of". Mtoto anaijua mizizi ya mmea na kazi zake zote, lakini akikutana na "State three functions of roots" anakwama kwenye neno la kwanza, kwa sababu "state" aliyoisikia ni ile ya nchi.

Mwambie asome maswali bila kuyajibu, apigie mstari neno linaloamuru, kisha aandike kwenye daftari neno hilo linamtaka afanye nini. "State" ni kutaja kwa kifupi, bila maelezo. "Describe" ni kueleza kitu kilivyo. "Explain" ni kueleza kwa nini au kwa namna gani. Kwetu hayo mawili ya mwisho yote ni "eleza", na hapo ndipo alama zinapopotea: aliyeulizwa sababu anajibu kwa kusimulia sura ya kitu. Maneno ya namna hii hayafiki hata 30, na yanaingia kwenye jiografia, historia na baiolojia vilevile.

Na nyumbani mwache aulize kwa Kiswahili. Anayepigwa marufuku kuuliza kwa lugha anayoijua huishia kutouliza kabisa.

Shikamoo mwalimu. Nabeba mizigo ya wageni mlima Kilimanjaro, nia yangu ni kuwa mwongoza wageni. Maneno ninayo, lakini nikiyaunga wageni wananikodolea macho. Juzi nilimwambia mmoja "I beat you a picture". (Mpagazi wa Moshi)

Marahaba. Huyo mgeni naona alirudi nyuma hatua mbili.

Tatizo lako ni kujifunza neno mojamoja, "piga" ni "beat", basi. Angalia "piga" yetu inavyofanya kazi kwa siku moja. Asubuhi unapiga mswaki: "I brush my teeth". Unapiga pasi shati: "iron". Unapiga simu: "call". Unapiga hodi: "knock". Watoto wanapiga kelele: "they make noise". Mtu anapiga chafya: "sneeze". Mgeni unampiga picha: "I take a picture of you". Katika orodha yote hiyo "beat" haimo hata mara moja.

Nao wana neno lao la namna hiyo, "take". Dawa tunakunywa au tunameza, wao "take medicine". Tunapumzika, wao "take a break". Tunavua buti, wao "take off your boots". Kwa hiyo usiandike "take = chukua" kwenye daftari. Andika kipande kizima, kama kinavyotoka mdomoni. Vivyo hivyo mvua kubwa ni "heavy rain", chai kali ni "strong tea". Ukibadilishana hizo "heavy" na "strong" utaeleweka kwa shida, huku mgeni akitabasamu kwa adabu.

Kwa kazi yako ningeanza na vipande hivi: "watch your step", angalia unapokanyaga; "it's slippery", panateleza; "drink more water"; "do you have a headache?", "do you feel dizzy?", unasikia kizunguzungu? Hapo angalia na "sikia" yetu pia: kizunguzungu, njaa na baridi huko ni "feel", na harufu ni "smell". Ukisema "I hear a bad smell" watacheka.

Kuna kimoja ambacho huko juu kina uzito. Mgeni akisema "I feel sick", kwa Mwingereza mara nyingi ni kichefuchefu, kwa Mmarekani huweza kuwa kuumwa kwa jumla. Mlima wenye kilele cha mita 5,895 si pa kukisia. Muulize moja kwa moja: "Do you feel like throwing up?", yaani unajisikia kutapika? Kisha mwambie kiongozi wenu hapohapo.

Naandika maneno 20 kila jioni. Jumapili ikifika yamebaki mawili. Akili yangu ina nini? (Dada wa Mombasa)

Akili yako ni nzima, dada yangu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa hutoka mapema sana, kisha kasi ya kusahau hupungua. Dawa ni kurudia kwa kuachia nafasi. Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, aliieneza miaka ya 1970 kwa kutumia kadi na sanduku lenye vyumba. Kata karatasi ngumu. Upande mmoja andika sentensi yenye pengo, mwingine neno. Ukipata, kadi inahamia chumba cha pili, unaiona baada ya siku tatu. Ukipata tena, chumba cha tatu, baada ya wiki. Ukikosa, inarudi chumba cha kwanza. Maboksi ya chaki yanatosha. Ukipenda simu, programu ya Anki inafanya mahesabu hayo kwa niaba yako.

Punguza 20 ziwe sita. Na kabla ya kuandika kadi, lisikilize neno. Sisi tumezoea kusoma kila herufi iliyoandikwa, kwa hiyo "Wednesday" tunaitamka na "d" zake zote, na "debt" na "b" yake. Ukilikariri vibaya, siku Mwingereza akilitamka hutalitambua hata kama unalijua.

Natoka Bukavu, sasa nafanya kazi ghalani Marekani. Maneno marefu nayaelewa, mafupi ndiyo yananishinda: hold on, run out, pick up, fill in. Ni kwa nini? (Msomaji wa Texas)

Kwa sababu umesoma Kifaransa. Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066 walikwenda na Kifaransa chao, ndiyo maana "information", "department" na "important" unayapokea kama ndugu. Angalia tu ndugu wa uongo, yanayofanana na ya Kifaransa kwa sura lakini si kwa maana: "library" ni maktaba, si duka la vitabu, na "actually" ni "kwa kweli", si "sasa hivi".

Yale mafupi hayana undugu na Kifaransa, lakini yana jamaa kwenye Kiswahili chako. Funga, fungua, fungia, fungana: tunabadili mkia, maana inageuka. Kiingereza kinaweka kijineno pembeni badala ya mkia. Kwa hiyo "run" na "run out" yahesabu kama maneno mawili. "We ran out of tape": tepu imetuishia. "Hold on": subiri kidogo. "Fill in the form": jaza fomu. Lakini "fill in for him": shika nafasi yake leo. "Pick up" ina kazi nyingi, kuokota boksi, kupokea simu, kwenda kuwachukua watoto shule. Usijaribu kuzibeba zote siku moja. Chukua ile iliyosemwa kazini leo, na sentensi yake.

Sinema zinatosha? (Msomaji wa Nakuru)

Kwa sikio, ndiyo, ukiweka maandishi ya Kiingereza chini na kurudia kipande cha dakika mbili. Kwa mdomo, hapana.

Nilimwambia mteja wa nje tukutane "two o'clock", nikiwa na maana saa mbili asubuhi. Hakutokea. (Dereva wa teksi, Zanzibar)

Alitokea, ila saa nane mchana. Saa yetu inaanza kuhesabu jua likichomoza, yao usiku wa manane na adhuhuri. Ongeza sita, na ikipita 12 toa 12: saa mbili ni "eight", saa nne ni "ten", saa tisa ni "three". Taja na "in the morning" au "in the afternoon". Ukiwa na wasiwasi, andika 08:00 kwenye simu umwonyeshe.