Mvua Ikikatika, Tafuta Tope

Watu wakisikia kitwitwi, ndege wadogo wa topeni, wameingia Cheju, bonde la mpunga hapa Unguja, hukimbilia huko siku ile ile mvua kubwa imepiga. Wanakuta bonde zima maji matupu na yangeyange wawili watatu, basi. Kitwitwi hana miguu ya korongo. Maji yakimpita magoti hana kazi nayo. Yeye anataka tope laini achokoe minyoo na vidudu. Ngoja mvua ikatike siku mbili tatu, majaluba, yaani vipande vya konde la mpunga vilivyozungushiwa matuta, yaanze kukauka kandokando, ndipo uende. Au fuata trekta: jaluba lililoburugwa jana, halijapandwa, hilo ndilo.

Wageni hawa huzaliana kaskazini ya mbali, Ulaya na Urusi. Huanza kutufikia Agosti na Septemba, na wengi huondoka Aprili. Vuli utawaona, lakini mimi napenda zaidi masika yanapoanza. Wanakula kwa pupa ili wanenepe kwa safari, na baadhi wanabadili manyoya: yule mwenye mdomo uliopinda chini, wa kijivu Disemba, Aprili kifua kimekuwa chekundu cha kutu.

Utakayemkuta sana kwenye mpunga ni mdogo, mgongo wa kahawia wenye madoadoa meupe, mstari mweupe juu ya jicho, miguu ya manjano. Hatulii, mkia unachezacheza. Akishtuka huruka juu akilia "chif-if-if", na hapo kiuno cheupe hujionesha. Usimfuate. Kaa chini nyuma ya tuta, upande wa mashariki ikiwa asubuhi ili jua liwe mgongoni, nyamaza. Mara nyingi hurudi mwenyewe. Darubini ya kawaida inatosha.

Kabla ya yote piga hodi kwa mwenye konde, na upite juu ya tuta, si ndani ya miche. Mweleze kuwa kitwitwi hali mpunga, maana msimu wa kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, kila chenye mbawa ni adui, na watoto wenye teo (kombeo) hawaulizi. Vaa mabuti ya mpira. Kichocho bado kipo Unguja.

Kama nafasi yako ni jioni tu, chagua siku za bamvua, bahari inapojaa sana. Maji hujaa pwani mnamo saa kumi alasiri, ndege wa ufukweni wanakosa pa kulisha, na sululu, ndege mkubwa wa pwani mwenye mdomo mrefu uliopinda, huweza kuingia mabondeni kutafuta riziki.