Re: Dishi la sentimita 60, Rongai hadi Upper Hill, mbona napata −75 badala ya −56?

Ndugu, hiyo tofauti ya 19 dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi) kati ya namba unayopata na unayotarajia inanuka mwale wa pembeni, yaani dishi limeshika mwale dhaifu wa kando badala ya ule mkuu. Usinunue redio nyingine kwanza.

Kwa gigahazi 5.8 wimbi lina urefu wa sentimita 5.2 hivi. Zidisha kwa 70, gawa kwa kipenyo cha dishi: unapata digrii 6. Huo ndio upana wa mwale mkuu, unaopimwa pale nguvu inaposhuka hadi nusu, yaani −3 dB. Kwa kilomita zako 15, ni kama kilomita moja na nusu kule ng'ambo.

Nje ya hapo nguvu haipungui polepole. Inazama karibu kupotea kabisa, kisha inainuka tena digrii 8 au 9 kutoka katikati. Hicho kilele cha pili kiko takriban 20 dB chini, na ndicho kinachodanganya mafundi: ukigusa dishi kidogo kushoto au kulia namba inashuka, basi unakaza nati.

Legeza bolti za mlingoti. Zungusha digrii 20 kila upande, digrii moja moja, ukisubiri namba itulie. Utaona vilele vitatu. Cha katikati ndicho chako. Rudia juu na chini, halafu fanya hivyo kwa dishi la upande wa pili. Kaza nati kwa zamu huku ukitazama namba, maana spana yenyewe huvuta dishi, na hapo digrii 3 tu ni nusu ya nguvu.