Wiki 10 bado ni mapema

Ndugu, umeuliza kama mbwa wako wa wiki 10 aanze kuuma mkono wa mazoezi, ile kinga nene anayovaa mkufunzi mkononi ili mbwa aiume. Bado, bwana. Kwa sasa ni mchezo tu: funga kipande cha gunia kwenye kamba, kiburute chini kama panya anayekimbia, akikikamata mwachie aondoke nacho. Dakika 3 zatosha. Kati ya miezi 4 na 6 meno yanabadilika. Hapo usivutane naye, akiumia kinywa ataliogopa gunia. IGP1 yenyewe, mtihani wa ngazi ya kwanza wa kunusa, utii na ulinzi, haruhusiwi kabla ya miezi 18, basi haraka ya nini?

Mtoe alfajiri, lami ya Nyali saa sita mchana inachoma nyayo. Chanjo zikikamilika, mkalishe kando ya steji ya matatu azoee kelele. Wangu sikumzoesha, mpaka leo tuktuk ikipita anajificha miguuni mwangu.