Gitaa la mvule linapanda sauti freti ya 12: tazama daraja kabla ya kulaumu shingo

Swali: Salaam aleikum fundi. Niko Likoni, nimeunda gitaa la umeme la kwanza. Bodi ni ya mvule. Shingo nimeinunua ikiwa tayari, daraja ni la kawaida lisilo na mkono, lina parafujo nne. Pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya shingoni ni ya koili moja, ya darajani ni hambaka, yaani ya koili mbili. Nyuzi zikiwa wazi tyuna inakubali, lakini nikibana freti ya 12 E nyembamba inapanda senti 13 (senti 100 ni hatua ya freti moja) na E nene senti 21, na vikalio nimevirudisha nyuma mpaka mwisho. Kutoka nati (kile kijiti chenye mifereji ya nyuzi mwanzoni mwa shingo) hadi freti ya 12 ni milimita 324. Kutoka nati hadi kwenye vikalio ni 645. Pili, gitaa linavuma, ila nikishika nyuzi linanyamaza. Tatu, nikifungua pikapu zote mbili sauti inakonda kama redio ya simu. Na kuna mzee ameniahidi ubao wa mbambakofi wa mlango wa zamani. Je, unafaa kwa bodi ya gitaa la pili?

Jibu: Waaleikum salaam. Ahsante kwa kuleta vipimo, maana bila ya vipimo tungekuwa tunabahatisha tu.

Shingo yako ni nzima. Zidisha 324 mara mbili upate 648, ndicho kile kipimo cha inchi 25 na nusu cha magitaa ya Fender. Lakini kikalio, kile kijichuma ambacho uzi hukalia juu ya daraja, hakiwekwi kwenye 648 kamili. Uzi ukibanwa kwenye freti unavutika kidogo, na ukivutika sauti hupanda. Kwa hiyo tunaurefusha ili kufidia: kwa seti ya nyuzi ya 10 hadi 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi), E nyembamba huhitaji kama milimita 2 zaidi na E nene kama 5. Vikalio vyako vilitakiwa vifike 650 na 653. Vimekwama 645, basi umepungukiwa na milimita 5 upande mmoja na 8 upande wa pili.

Sasa linganisha na tyuna yako. Kwa shingo ya urefu huu, kila milimita inayopungua hupandisha freti ya 12 kwa takriban senti 2.7. Tano mara 2.7 ni 13 na nusu; nane mara 2.7 ni 21 na kitu. Ni zile zile senti ulizoziandika. Huenda ulichora mstari wa 648 ukapanga parafujo za daraja juu yake. Parafujo ziko nyuma ya vikalio, kwa hiyo vikalio vikajikuta mbele. Kosa hili ni la kawaida sana, na michoro mingi inayozunguka mitandaoni inalisababisha kwa sababu imechorwa kwa daraja la aina nyingine.

Kabla hujatoboa chochote, pima kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12. Kikiwa milimita 3 au zaidi, kimo chenyewe kinachangia kupandisha sauti. Kishushe hadi 1.6 upande mwembamba na 2 upande mnene, kisha upime tena. Pima pia upindo wa shingo: bana uzi freti ya 1 na ya mwisho kwa wakati mmoja, utazame nafasi juu ya freti ya 7 au ya 8. Robo ya milimita inatosha. Ukirekebisha chuma cha ndani ya shingo, zungusha robo mzunguko, ngoja, pima, ndipo uendelee.

Senti zikibaki pale pale, daraja lirudi nyuma milimita 10. Si 8, kwa sababu siku utakayofunga nyuzi nene zaidi utataka nafasi ya kuchezea. Ng'oa daraja. Panua matundu ya zamani kwa keekee ya milimita 6, chonga vijiti vya mvule vya unene huo, vipake gundi ya mbao uvigongee ndani, uviache mpaka kesho yake. Mvule una mafuta yanayosumbua gundi, kwa hiyo futa matundu kwa thina kwanza. Kata vichwa vya vijiti kwa patasi viwe sawa na uso wa bodi.

Mstari wa kati usiuamini kwa macho. Funga uzi mwembamba wa kushonea kutoka kwenye mfereji wa nati wa E nyembamba hadi kwenye kikalio chake, na mwingine upande wa E nene, ulisogeze daraja mpaka nyuzi zote mbili ziwe mbali sawa na kingo za shingo. Hapo ndipo utie alama. Parafujo ya 3.5 katika mbao ngumu kama hii itobolewe tundu la 2.5, na ipakwe sabuni ya kipande kwenye meno. Parafujo za chuma kisichoshika kutu ndizo zinazofaa kwa hewa yetu ya chumvi, ila ni laini na hukatika kichwa. Tangulia kwa parafujo ya chuma cha kawaida ilime njia, uitoe, ndipo uingize ile ya kudumu.

Chini ya daraja kuna waya mmoja mtupu unaokwenda kwenye poti, kile kifaa cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha sauti. Usiupoteze wakati wa kuhamisha. Daraja likae juu yake na kuukandamiza. Kule kunyamaza unaposhika nyuzi ni ushahidi kwamba waya huo unafanya kazi. Mwili wako unanasa mvumo wa stima ya nyumba, na ukishika nyuzi unaupeleka ardhini kupitia waya huo.

Hapo pana jambo la usalama nisiloweza kulipita. Ardhi hiyo ni ya amplifaya, na amplifaya huipata kwenye soketi. Ukitumia ekstensheni ya nyaya mbili, au plagi ambayo mguu wake wa juu haukuunganishwa, ardhi haipo. Ukihisi kijimshtuko midomo ikigusa maikrofoni huku umeshika nyuzi, acha kupiga hapo hapo, umwite fundi stima aipime soketi. Volti 240 hazina mzaha.

Dawa ya mvumo ni foili ya shaba. Zibandike kuta na sakafu ya mashimo ya pikapu na poti, pamoja na mgongo wa kifuniko, kila kipande kikilalia chenzake kama milimita 5. Gundi ya foili nyingine haipitishi umeme, kwa hiyo tia tone la lehemu kwenye kila kiungo, kisha unganisha foili na mgongo wa poti. Pima kwa maltimita kutoka pembe moja ya shimo hadi nyingine. Isizidi omu 1. Foili ya jikoni inakinga vilevile lakini lehemu haiishiki, ndiyo maana siipendi. Na usitarajie kimya kamili: koili moja hunasa pia mvuto wa sumaku wa transfoma zilizo karibu, ambao foili haiuzuii. Sogea mbali na amplifaya, geuka pembe, utasikia tofauti.

Sauti kukonda ukifungua pikapu mbili maana yake zinapingana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Weka maltimita kwenye kiloomu 20, waya mwekundu kwenye waya moto wa pikapu na mweusi kwenye wa ardhi. Gusisha bisibisi ya chuma juu ya sumaku, uiondoe ghafla, utazame namba inarukia wapi. Fanya hivyo kwa zote mbili. Moja ikipanda na nyingine ikishuka, badilishana nyaya mbili za ile ya koili moja. Usiiguse hambaka ikiwa ina waya mmoja uliozungukwa na wavu, kwa sababu wavu ule umeungana na kifuniko cha chuma, na ukiugeuza kifuniko kitakuwa waya moto.

Poti weka za kiloomu 500, kapasita ya mikrofaradi 0.022. Koili moja ikikuchoma masikio, unganisha rizista ya kiloomu 470 kutoka kwenye mguu wa swichi wa pikapu hiyo hadi ardhini; itajiona kama iko kwenye poti ya 250.

Ama mbambakofi, kwa bodi hapana. Bodi ya unene wa milimita 45 hubeba takriban lita 4 za mbao. Mbambakofi ni kama gramu 800 kwa lita, basi una kilo 3.2 kabla ya shingo na vyuma, na mpiga muziki wa bango anayesimama kwa muda wa saa nne hotelini atakulaani. Mvule uko karibu na 650. Upasue ubao huo vipande vya milimita 6 uufanye ubao wa freti. Hapo ugumu wake ni neema. Mlango ukiwa na nakshi, usiuguse kwa msumeno kabla watu wa Makumbusho hawajauona.

Ukikata freti za shingo yenye ubao huo, acha miguu yake, ile sehemu inayozama kwenye mbao, ikomee milimita 1.5 kabla ya ukingo, uzibe nafasi kwa unga wa mbao na gundi. Mbao zilizokaa Mombasa hutulia kwenye unyevu wa kama asilimia 14. Gitaa likipelekwa Nairobi, au likilala kwenye chumba cha eyakondishena, shingo inasinyaa lakini freti hazisinyai, na ncha zake zinatokeza na kukwaruza kiganja.