Maswali ya Wasomaji: Utalii wa Nyota Vijijini Milimani

Barua kadhaa za mwezi huu zimetoka kwa wanavijiji wa milimani wanaotaka kupokea wageni wa kutazama nyota. Tumejibu nne.

Sisi ni kikundi cha akina mama, Mtae, Lushoto. Tuna nyumba nne za kulaza wageni. Mgeni mmoja alitushauri tununue darubini, na akiba kidogo tunayo. Tununue ipi?

Akina mama wa Mtae, hongereni. Ila msifungue sanduku la kikundi bado, anzeni na taa.

Usiku usio na mwezi, mmoja wenu asimame pale mtakapowaketisha wageni, wengine wawashe taa za nyumba moja moja. Kila balbu ambayo aliyesimama anaiona yenyewe, siyo mwanga wake tu ukutani, ni adui. Iwekeeni kofia ya bati inayoelekeza mwanga chini, au ibadilisheni kwa balbu ya wati 3 hadi 5 yenye mwanga wa manjano (kwenye boksi huandikwa 2700K). Balbu nyeupe ya buluubuluu ndiyo mbaya kuliko zote. Madirisha yapate mapazia mazito. Kisha mfuateni mwenye duka aliye karibu, maana taa moja ya kibarazani kwake inaweza kufuta kazi ya nyumba zote nne. Mwombeni kwa adabu, na kofia ya bati mlipie ninyi.

Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga wa simu wa sekunde chache tu huharibu yote hayo. Tochi zenu zifungwe karatasi ya nailoni nyekundu, tabaka mbili au tatu.

Hatua ya pili ni mtu. Chagueni wawili watakaojua anga bila kushika karatasi. Wakianza na darubini ya macho mawili ya 10x50 (hukuza mara 10, lenzi zake za mbele ni milimita 50), wataona miezi minne ya Mshtarii (sayari ya Jupita), Kilimia chenye nyota nyingi kuliko zile sita au saba za macho matupu, na Njia Nyeupe ikichambuka kuwa vumbi la nyota. Wakae na wazee waulize majina ya Kisambaa ya nyota. Mgeni anaweza kusoma habari za Jabari (kundi la nyota la Orion) popote, lakini jina la Kisambaa na kazi ya nyota hiyo shambani atayapata kwenu peke yenu. Msiache pia msemo wetu wa Kiswahili: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mweleze mgeni kwamba Kilimia hupotea magharibi jioni za mwanzo wa Mei, wakati wa masika, na huonekana tena mashariki alfajiri mnamo Juni, mvua zikiwa zimepungua. Ni kalenda ya mkulima iliyowekwa angani.

Hapo ndipo mnunue darubini. Tunapendekeza ya vioo, aina ya Dobson, yenye kioo cha milimita 200 (inchi 8). Uzito wake ni kama kilo 20, na hubebwa vipande viwili, bomba na kitako. Kitako ni mbao tupu, kikivunjika seremala wa kijijini anakitengeneza. Zile zinazojizungusha kwa kompyuta ni nzuri hadi mota ife, na fundi wake hamtampata Lushoto. Ikiwa urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi mwanga unapokutana) ni milimita 1,200, lenzi ya jicho ya milimita 25 itakuza mara 48, na ya milimita 10 mara 120. Mbili hizo zinatosha. Jihadharini na vidarubini vya dukani vya milimita 60 vinavyojisifu kukuza mara 500 na zaidi. Kikomo cha manufaa ni takriban mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani mara 120. Zaidi ya hapo mgeni ataona ukungu tu.

Jambo la mwisho kwenu, kwa kuwa mko ukingoni mwa mlima: mahali pa kutazamia pawe angalau mita 10 kutoka kwenye genge, pazungushiwe kamba na mawe yaliyopakwa chokaa. Mtu anayetazama juu gizani hurudi nyuma bila kujua.

Darubini yetu ya msaada huonyesha nyota zinazotetemeka kama ziko ndani ya maji. Tuliifuta kioo kwa khanga, hali ikazidi. (Msomaji, Njombe)

Acheni kufuta kabisa. Kioo cha darubini kimepakwa alumini juu, siyo nyuma kama kioo cha kujitazamia, na tabaka hilo ni jembamba mno. Pindo la khanga hukokota chembe za vumbi na kila chembe huacha mkwaruzo. Vumbi kidogo halina madhara. Likizidi sana, ondoeni kioo, kimwagieni maji yaliyokenekwa (yaliyotokana na mvuke uliopozwa) yenye tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, pitisheni pamba safi bila kuikandamiza, suuzeni kwa maji yaleyale, kisha kisimamisheni kikauke chenyewe. Mara moja kwa mwaka au miwili inatosha.

Kutetemeka kuna sababu nyingine, nayo ni joto. Darubini iliyotoka ndani ina hewa ya moto kwenye bomba. Itoeni nje dakika 45 kabla ya wageni, na muiweke kwenye nyasi, kwa kuwa sakafu ya saruji hupumua joto la mchana hadi usiku sana. Msilenge nyota iliyo juu ya paa la jikoni penye moto.

Kama bado picha si kali, vurugeni fokasi kidogo kwenye nyota angavu. Mtaona duara lenye tundu jeusi. Tundu likiwa katikati, vioo vimelingana. Likiwa upande, geuzeni skrubu za kurekebishia zilizo chini ya bomba robo mzunguko kwa wakati mmoja, mrudishe nyota katikati, mtazame tena.

Wakati wa kuhifadhi, funikeni ncha zote mbili baada ya umande kukauka, wekeni ndani vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, na msiiweke darini juu ya jiko la kuni. Mchana isibaki wazi kamwe: jua likiingia humo huunguza jicho la mtoto mdadisi kwa nukta moja.

Tupokee wageni miezi gani, na tarehe zipi? (Msomaji, Wundanyi, Taita)

Tumieni tarehe za mwezi mwandamo, zimo kwenye kalenda nyingi za ukutani. Kuanzia tarehe 22 hadi 3 ya mwezi unaofuata, saa za jioni ni giza: mwezi ama haujachomoza hadi karibu saa sita usiku, ama umeshazama mapema. Tarehe 10 hadi 17 msiuze nyota, uzeni matembezi ya mbalamwezi.

Masika na vuli yaacheni. Januari na Februari mna Jabari, nyota angavu Shira (Sirius) na Suheli (Canopus), na Kilimia pamoja. Juni hadi Septemba ndiyo bora: Salibu (Msalaba wa Kusini) huwa kusini jioni za Juni, na katikati ya Agosti, saa mbili usiku, kundi la nyota la Nge na kitovu cha Njia Nyeupe huwa juu kabisa, kidogo upande wa kusini. Ila usiku wa Julai milimani ni baridi kali. Blanketi moja kwa kila mgeni, na chai ya tangawizi kwenye chupa.

Je, kuna kijiji kilichofanikiwa? Na wageni wakikuta mawingu tuwarudishie pesa? (Msomaji, Lushoto)

Kipo Hanle, Ladakh, kaskazini mwa India, penye kituo cha utafiti kilicho mita zipatazo 4,500 juu ya bahari, chenye darubini ya kioo cha mita 2. Mwaka 2022 eneo lake lilitangazwa hifadhi ya anga la giza. Wanakijiji zaidi ya ishirini, wengi wao wanawake, walifundishwa na kupewa darubini ndogo, na wageni hulala majumbani mwao. Makubaliano ya mapazia na taa za magari ndiyo yanayolinda kazi ya wanasayansi na kipato cha kijiji kwa pamoja.

Kuhusu mawingu, tenganisheni bei tangu mwanzo: malazi na chakula kando, nyota kando. Tuseme nyota ni shilingi 20,000 kwa mgeni. Wageni sita ni 120,000: 50,000 kwa waongozaji wawili, 40,000 kwa nyumba zote za wageni, tuseme nne, sawasawa (hata isiyo na mgeni, maana nayo imezima taa), 30,000 kwa mfuko wa matengenezo. Ukungu ukifunga kabla wageni hawajatazama kwa muda wa saa nzima, rudisheni nusu, au waamsheni saa kumi alfajiri bila malipo ya ziada. Huenda ukungu wa jioni ukawa umeshuka bondeni saa hiyo.