Usukani wa kuchomoka kwenye Subaru

SWALI: Mhariri, nina Subaru Impreza ninayoiingiza mashindanoni mara mojamoja. Je, nikiifunga usukani wa kuchomoka haraka, mfuko wa hewa utaendelea kufanya kazi?

JIBU: Ndugu msomaji, hautafanya kazi, kwa kuwa umo ndani ya usukani huohuo unaouondoa; kwa sababu hiyo, kama gari ndilo linalopeleka watoto shuleni, mimi nisingeufunga. Ukiamua kuendelea, fundi atoe kwanza waya za betri na kungoja dakika kadhaa ili umeme uliosalia uishe, maana mfuko ukifyatuka humjeruhi aliyeushika. Kitovu cha kuunganishia, yaani kipande kinachokaa kati ya usukani na mhimili wake, lazima kiwe na meno yanayolingana na ya mhimili wa usukani wa gari lako. Pima pia matundu ya bolti, ya usukani yalingane na ya kitovu: sukani nyingi za kampuni za Momo na Sparco zina matundu 6 kwenye duara la milimita 70, ilhali za Nardi huwa na milimita 74, na kuyapanua kwa tupa ni kujitafutia ajali. (Waya wa honi usisahauliwe.) Kila unapoupachika usukani, subiri usikie mlio wa kufunga, kisha uvute kwa nguvu kuelekea kifuani; usukani ukicheza hata kidogo, usiwashe gari.